Kupanga waifai ndani ya jengo: anza na kifaa dhaifu kuliko vyote

Kosa ninalolikuta kila mara ni kutafuta ruta "yenye nguvu". Mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili. Ruta inaweza kupaza sauti ikasikika jengo zima, lakini simu yenye antena ndogo lazima nayo ijibu, na jibu lake lisipofika, mistari mitatu kwenye skrini haikusaidii kitu. Panga kwa kumfuata yule dhaifu.

Hatua ya 1: Orodhesha vifaa na mahali vitakapotumika. Usiandike "chumba cha pili". Andika simu ya kitandani, printa ya kwenye kona, kamera ya mlangoni. Angalia pia kila kimoja kinashika masafa gani, maana kamera nyingi za bei nafuu hushika gigahezi 2.4 pekee.

Hatua ya 2: Chora ramani ya jengo na uandike kila ukuta umejengwa kwa nini. Ukuta mwembamba wa jasi hupunguza mawimbi kwa desibeli 3 hivi, yaani yanabaki nusu. Zege hufika desibeli 10 au zaidi: yanabaki sehemu moja ya kumi, pengine hata pungufu. Tia alama nyekundu kwenye lifti, kabati za chuma, tangi la maji na vioo vikubwa vya kujitazamia. Tazama na mshazari pia: mawimbi yakiupita ukuta kimshazari, unene yanaoukata ni mkubwa kuliko ule unaoupima kwa futi.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kutoboa ukuta. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa kazi yote. Weka aksesi pointi (kifaa kinachorusha waifai) moja juu ya stendi, kimo kilekile itakapofungwa, nguvu yake ikiwa ya wastani. Funga milango. Tembea na simu ya Android yenye programu inayoonyesha dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayofika. Namba ni hasi, kwa hiyo -50 ni bora kuliko -70. Kwa simu za sauti na video lenga -67. Ukifika -80, tegemea kukatikakatika.

Shika simu kama mtumiaji anavyoishika, kisha geuka uipe aksesi pointi mgongo. Namba itashuka palepale, kwa sababu mwili wa mtu una maji mengi na maji hunyonya mawimbi. Namba ya chini ndiyo unayoandika kwenye ramani. Halafu fungua ukurasa wa usimamizi wa aksesi pointi uone yenyewe inaisikia simu kwa kiasi gani. Pande hizo mbili zikipishana sana, punguza nguvu ya aksesi pointi.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kufunga. Usizipange aksesi pointi kwenye korido. Zitasikiana zenyewe kwa zenyewe vizuri sana huku vyumbani mawimbi yakikwama ukutani. Ziingize vyumbani, kwenye dari, mbali na mabomba na mifereji ya chuma. Kila moja ipate kebo yake, isiyozidi mita 100 kutoka kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao). Ripita ya kawaida ichukulie kuwa chaguo la mwisho: hupokea na kurusha kwenye chaneli (njia ya mawimbi) ileile, hivyo kasi hushuka karibu nusu.

Hatua ya 5: Gawa chaneli. Kwenye 2.4 tumia 1, 6 na 11 tu, upana wa megahezi 20. Aksesi pointi mbili zilizo jirani zisitumie chaneli moja, na kumbuka kwamba za ghorofa ya juu na ya chini nazo ni majirani. Kwenye 5 kuna nafasi zaidi.

Hatua ya 6: Pima tena watu wakiwa ndani. Piga simu ya video ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa jengo. Ukikuta kona moja iko -73, usikimbilie kununua aksesi pointi nyingine. Sogeza iliyopo kwanza. Kuitoa tu nyuma ya nguzo ya zege mara nyingi kunatosha.