Mkopo wa chuo kwa vijana wa Unguja na Pemba: anza na vyeti, usisubiri matokeo

Kila mwaka ni yale yale. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka, watu wanapongezana, na wiki mbili baadaye ndipo mzazi anaanza kuuliza cheti cha kuzaliwa kimewekwa wapi. Dirisha la mikopo miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwisho wa Agosti. Pengine huongezwa siku chache, lakini usizitegemee. Kazi ya makaratasi inataka kuanza mwezi wa tatu au wa nne, kijana akiwa bado skuli.

Bodi ziko mbili na watu huzichanganya. HESLB ni ya Muungano, ilianza kazi Julai 2005. ZHELB ni ya Serikali ya Mapinduzi, imeundwa kwa sheria ya 2011, na inahudumia Wazanzibari tu. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo kijana wa Wete anaomba HESLB kwa haki ile ile ya kijana wa Tabora, hata kama atasoma hapa hapa chuo kikuu cha SUZA, Tunguu. Asichoweza ni kulipiwa na bodi mbili kwa kozi moja. Somo hili linafuata njia ya HESLB. Karatasi nyingi utakazokusanya ndizo hizo hizo hata ukienda ZHELB, ukiongeza kitambulisho cha Mzanzibari.

Hatua ya 1: Majina

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tukae kidogo. Tandaza chini cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho, usome herufi kwa herufi. Kimoja kimeandikwa Khamis, chengine Hamisi. Kimoja Fatma, chengine Fatuma. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha skuli kimeishia kwa baba. Mohamed peke yake ina sura nne au tano. Kwetu sisi ni mtu mmoja. Mfumo wa kompyuta wa Bodi unaona watu wawili.

Jina linalotawala ni lile la NECTA (Baraza la Mitihani), kwa sababu mfumo unakuvuta kwa nambari ya mtihani wa kidato cha nne. Ushauri wetu: usihangaike kubadilisha la NECTA, vifanye vyeti vyengine vilifuate. Kosa la herufi kwenye cheti cha kuzaliwa lipeleke kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii (ZCSRA). Tofauti nyengine zitakutaka hati ya kiapo kutoka kwa wakili.

Hatua ya 2: Uhakiki wa vyeti

Kuwa na cheti hakutoshi, lazima kihakikiwe na aliyekitoa. Aliyezaliwa Unguja au Pemba anahakikiwa na ZCSRA. Aliyezaliwa Bara, na RITA, wakala wa usajili wa huko. Kinachoangaliwa ni mahali ulipozaliwa, si unapoishi. Mtoto aliyezaliwa Tanga akalelewa Micheweni ni wa RITA, na kwenda Wakala ni kupoteza nauli. Cheti cha kifo cha mzazi nacho kinahakikiwa vivyo hivyo, kwa kufuata mahali kifo kilipoandikishwa.

Hatua ya 3: Kufungua akaunti na kulipa

Maombi yanafanyika kwenye OLAMS, mfumo wa HESLB wa mtandaoni. Ada ni shilingi 30,000, hairudishwi. Mfumo unakupa nambari ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Usimpe mtu wa duka la kompyuta pesa taslimu akulipie "baadaye".

Nambari ya mtihani utakayotumia iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana nambari mbili, na akiombea chuo kwa hii na mkopo kwa ile, Bodi haitamwona kwenye orodha ya waliopata chuo. Anaweza kuwa yatima, fukara, mwenye kila sifa, na jina lake lisitoke awamu yoyote. Nywila na nambari ya simu ziwe zako mwenyewe. Laini ya kaka ikipotea, na ujumbe wa Bodi umepotea.

Hatua ya 4: Hali ya nyumbani

Bodi haimpi kila mtu sawa; inapima uhitaji. Yatima aambatishe cheti cha kifo. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ajaze fomu maalumu na kuithibitisha kwa daktari wa wilaya au mkoa. Kaya iliyo TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini) iandike nambari yake ya kaya. Na aliyesoma skuli ya kulipia kwa msaada wa mfadhili alete barua ya mfadhili huyo. Bila barua, wapimaji wataona ada kubwa imelipwa na watasema nyumbani kwenu mna uwezo.

Hatua ya 5: Sahihi na mihuri

Chapisha fomu. Mwombaji atie sahihi, mdhamini atie sahihi na picha yake pamoja na nakala ya kitambulisho, kisha sheha wa shehia yako, kisha wakili au hakimu. Fuata mpangilio huo. Sheha hupatikana asubuhi au baada ya alasiri. Mtafute mapema, maana wiki ya mwisho ya Agosti anakuwa na foleni barazani.

Hatua ya 6: Kupakia

Kurasa zenye sahihi zinapigwa picha na kurudishwa kwenye mfumo. Fomu nyingi zinaharibikia hapa, dakika za mwisho. Picha imepigwa juu ya kitanda, kivuli cha mkono kimeangukia muhuri wa sheha, nusu ya duara la wino haionekani. Weka karatasi mezani karibu na dirisha, saa nne asubuhi hivi, simu iwe juu yake sawasawa, pembe zote nne za karatasi zionekane. Ukimaliza kupakia, fungua tena ulichopakia ukisome. Halafu ubonyeze kuwasilisha. Wapo waliolipa, wakajaza, wakapakia, na hawakuwasilisha.

Pesa yenyewe

Chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, inayoingia kwenye akaunti ya benki ya mwanafunzi. Bumu, yaani pesa hiyo ya kujikimu, la siku 60 basi ni laki sita. Vitabu na viandikio ni 200,000 kwa mwaka. Ada ya masomo inakwenda chuoni moja kwa moja, na kiasi chake kinafuata kipimo cha uhitaji. Ukipewa nusu ya ada, nusu nyengine ni ya mzee. Bumu la mwanzo aghalabu halikukuti getini, kwa hiyo kijana aondoke na pesa ya mwezi mmoja mfukoni.

Mbali na mkopo kuna Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, kwa waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita. Hii ni ruzuku, hairejeshwi.

MASUALI NA MAJIBU

Suali (Chake Chake): Baba alifariki miaka tisa nyuma, tukamzika kijijini, hatukuandikisha. Sina cheti cha kifo. Barua ya sheha inatosha?
Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Haitoshi peke yake, lakini ndiyo pa kuanzia. Chukua barua ya sheha, nenda nayo ofisi ya ZCSRA ya wilaya, kifo kiandikishwe kwa kuchelewa, ndipo cheti kitoke na kuhakikiwa. Anza leo, maana kuandikisha kwa kuchelewa kuna maswali zaidi.

Suali (Jang'ombe): Ustadhi, mkopo huu una riba? Mama hataki kusikia.
Jibu: Mama ana haki ya kuuliza. Zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na ndiyo iliyowatia watu wasiwasi. Rais Samia alitangaza kuiondoa siku ya Mei Mosi 2021, na faini ya asilimia 10 ya wacheleweshaji nayo ikaondolewa mwaka huo huo. Mkataba usomeni pamoja, mstari kwa mstari, na hukumu ya dini mwulizeni shekhe wenu akiwa na karatasi mkononi.

Suali (Makunduchi): Nikiajiriwa nitakatwa vipi?
Jibu: Asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa 800,000 unakatwa 120,000 kila mwezi; deni la milioni 12 litakwisha kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Posho hazihesabiwi.

Suali (Konde): Nimepata mkopo lakini nataka kuhama chuo. Nitaupoteza?
Jibu: Hama kwa utaratibu, dada. Uhamisho upitie vyuo vyote viwili, kisha uende dawati la mikopo la chuo kipya ukahakikishe taarifa zako zimehamia huko. Ukihama kimya kimya, bumu linaendelea kupelekwa ulikotoka.

Suali (Bububu): Mwanangu ana miaka 22, alimaliza kidato cha sita 2022. Kashachelewa?
Jibu: Hajachelewa, mama. Umri ni usiozidi miaka 35, na kumaliza masomo kuwe ndani ya miaka mitano. Ila mwaka huu asiuachie, hesabu hiyo inakaribia.

Suali (Mkoani): Orodha imetoka, jina langu halimo.
Jibu: Bodi hutoa majina kwa awamu, ngoja zote zitoke. Wakati unangoja, ingia kwenye akaunti yako uone kama kuna karatasi iliyokataliwa, maana hupewa nafasi ya kurekebisha. Ukikosa kabisa, au ukipata kidogo, kuna dirisha la rufaa. Rufaa ya "nahitaji sana" haina nguvu. Ipeleke na karatasi ambayo mara ya kwanza haikuwepo.