Akiba nje ya NSSF na PSSSF: kumpata mshauri wa uwekezaji bila kupigwa

Anza na ulichonacho. Hapa Tanzania, aliyeajiriwa sekta binafsi huchangiwa asilimia 20 ya mshahara kwenye mfuko wa pensheni wa NSSF, kwa kawaida nusu yake na nusu ya mwajiri. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 kwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwajiri anaongeza 15. Chukua taarifa ya michango yako uipitie mwezi kwa mwezi. Ukikuta miezi iliyorukwa, fuatilia hiyo kwanza. Halafu andika kwenye karatasi moja: unaweza kuweka kiasi gani kila mwezi, pesa utaihitaji lini, una madeni gani. Mwenye mkopo wa kausha damu hahitaji mshauri, amalize deni.

Sasa leseni. Anayeishi kwa kushauri watu kuhusu hisa, hatifungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni kwa riba) na mifuko ya pamoja (pesa za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja) lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda jina linalofanana na la kampuni halali kwa kuongeza neno moja tu. Angalia pia aina ya leseni: dalali wa soko la hisa, mshauri wa uwekezaji na meneja wa mfuko ni vibali tofauti. Kisha piga simu ofisini kwa namba uliyoikuta huko CMSA, siyo ile ya kwenye kadi aliyokupa, uulize kama huyo mtu ni wao.

Wengi huteleza kwenye cheti cha BRELA. Kimewekwa fremu ukutani, pembeni yake TIN, mteja anaridhika. Cheti hicho kinasema kampuni imesajiliwa, na TIN inasema TRA inaijua. Vyote viwili havimruhusu mtu kukusanya pesa za umma akaziwekeze. Akiuza bima, muulize usajili wa TIRA. Akipokea amana, kibali cha Benki Kuu. Ikiwa ni SACCOS, leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

DECI, ule mpango wa upatu ulioahidi kuzidisha pesa za watu, nayo ilikuwa na ofisi na foleni ndefu. Watu "walipanda mbegu", yaani walitoa pesa, wakingoja kuvuna, mpaka serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Siku hizi mbegu imebadilishwa jina, inaitwa forex au sarafu za mtandaoni. Fanya hesabu mwenyewe: asilimia 20 kwa mwezi, faida ikirudishwa kwenye mtaji, inageuza milioni 1 kuwa karibu milioni 8.9 kwa mwaka. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na mwaka uliofuata hatifungani mpya za muda huo zikashushwa hadi 12.56. Hicho ndicho kipimo cha kutembea nacho. Anayeahidi zaidi ya hapo aeleze faida inatoka wapi, na "tuna timu ya wataalamu" siyo maelezo.

Ukishaketi naye, swali la kwanza: "Wewe unalipwa na nani?" Dalali hulipwa kamisheni, na kwa hisa za DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, inafika asilimia 1.7 ya thamani. Ukinunua za milioni 5, hiyo ni 85,000, na ukiziuza analipwa tena, mbali na tozo nyingine ndogondogo. Kwa hiyo anayekuhimiza ubadilishe hisa kila mwezi anajilipa yeye.

Ajenti wa bima ya akiba naye ana kamisheni, na hapo hesabu hufichwa vizuri zaidi. Tuseme unalipa 100,000 kila mwezi kwa miaka 10, mwishoni unapewa milioni 16. Umetoa 12, umepata 4, inapendeza. Lakini ukipiga hesabu ya riba, ni kama asilimia 5.5 tu kwa mwaka. Pesa hiyohiyo kwa asilimia 10 ingefika milioni 20 na nusu. Bima ina kazi yake, kulinda familia ukifariki, ila usiinunue ukidhani ni uwekezaji mnono. Uliza pia utarudishiwa kiasi gani ukisitisha mwaka wa pili. Mara nyingi jibu linauma.

Mpime kwa hatifungani. Mwambie unafikiria ya miaka 20, milioni 2. Mshauri mzuri atakwambia riba hulipwa kila miezi 6, haikatwi kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujalipwa), tofauti na amana ya benki inayokatwa asilimia 10, na unaweza kuingia kwenye mnada, ambako Benki Kuu huuza hatifungani mpya, kupitia benki yako. Lakini msubiri aseme na ubaya wake bila kuulizwa: ukihitaji pesa kabla ya muda, utaiuza soko la upili, yaani kwa mwekezaji mwingine, na kama riba za mnada zimepanda, bei ya hatifungani yako imeshuka. Akikwambia "haina hatari yoyote", mshukuru kwa chai uondoke.

Pesa yenyewe isipite mikononi mwake. Vipande, yaani sehemu unazonunua kwenye mifuko ya pamoja kama ya UTT AMIS, hulipiwa kwenye akaunti yenye jina la mfuko. Kwa hisa, unalipa akaunti ya kampuni ya dalali. Ukiambiwa "tuma kwa namba yangu nitakuwekea", hata kama ni shemeji, acha. Ukishalipa, dai taarifa yenye jina lako: ya vipande kutoka kwa mfuko, au ya akaunti yako ya CDS, inayohifadhi kumbukumbu ya umiliki wako, kwa hisa na hatifungani. Linganisha idadi, tarehe na bei na risiti yako. Ikicheleweshwa kwa visingizio, chukua risiti na ujumbe wote wa simu upeleke malalamiko CMSA kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.