Karafuu au mchele? Namna ya kupiga hesabu

Kujua lipi tulime tuuze nje na lipi tununue, anza na saa za kazi, si shilingi. Kwa karafuu hesabu kuchuma, kuchambua makonyo (vijiti vyake) na kuanika jamvini. Wengi hukosea hapa: hupima mbichi, ilhali kilo moja kavu hutaka karibu kilo tatu mbichi.

Tuseme Pemba kilo ya karafuu kavu ni saa 6, ya mchele 4. Vietnam 5 na 1. Gawa saa zetu kwa saa zao: karafuu 1.2, mchele 4. Wametushinda kote, ila kwenye karafuu kidogo tu. Basi tuuze karafuu, tununue mchele.

Ili biashara hiyo ifae, ujira wao wa saa sharti uwe kati ya mara 1.2 na 4 ya wetu. Ukizidi 4, hata mchele wetu utakuwa rahisi kuliko wao, ukishuka chini ya 1.2, karafuu yetu itadoda. Nauli ya meli iongeze mwisho.