Namna ya Kuelewa Fomu na Ripoti ya Vipimo vya Picha Hospitalini

Kabla ya kwenda chumba cha picha, soma fomu uliyopewa na daktari. Inapaswa kuonyesha aina ya kipimo, sehemu ya mwili, na sababu ya kukiomba. Hiyo sababu ndiyo inayomwongoza msomaji wa picha, kwa hiyo fomu iliyoandikwa "kifua" peke yake ni pungufu mno ikilinganishwa na ile inayosema "kikohozi cha wiki tatu, homa za usiku, uzito kupungua". Ukiikuta sehemu hiyo tupu, mwombe daktari aijaze kabla hujaondoka.

Jambo la msingi katika kuelewa ripoti ni kwamba kila mashine hupima kitu tofauti, hivyo weupe na weusi havina maana moja katika picha zote. Eksirei, ambayo mionzi yake iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huonyesha jinsi mionzi inavyozuiwa inapopita mwilini: hewa ya mapafu huonekana nyeusi, mafuta kijivu kilichokoza, misuli na majimaji kijivu cha kati, mfupa mweupe, na chuma cheupe zaidi ya vyote. Picha ya kifua hutazamwa kana kwamba mgonjwa amekuelekea, kwa hiyo upande wake wa kushoto uko kuliani kwako, na herufi L huonyesha kushoto kwake huku R ikionyesha kulia. Herufi PA maana yake ni kwamba mionzi iliingilia mgongoni na kutokea kifuani. AP ni kinyume chake, na hutumiwa hasa kwa mgonjwa asiyeweza kusimama. Katika AP moyo huwa mbali zaidi na filamu, nao huonekana mkubwa kuliko ulivyo, kwa hiyo usishtuke kuona moyo "umepanuka" kabla hujajua picha ilipigwaje.

CT skani hutumia mionzi ileile, ila mrija wake unaotoa mionzi huzunguka mwili na kompyuta hutengeneza picha za mikato myembamba. Weupe wake hupimwa kwa vipimo vya Hounsfield, ambapo maji ni 0 na hewa ni -1000. Ukiambiwa utachomwa dawa ya kontrasti yenye ayodini, yaani dawa inayofanya mishipa na viungo vionekane wazi zaidi, taja mapema kama una ugonjwa wa figo, kama uliwahi kudhurika kwa dawa hiyo, au kama unatumia metformin kwa ajili ya kisukari.

Altrasaundi haitumii mionzi kabisa. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kupokea mwangwi wake, na jeli inayopakwa huondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Mkojo na nyongo safi havirudishi mwangwi, hivyo huonekana vyeusi. Jiwe la nyongo hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Kwa kipimo cha kibofu cha nyongo hutakiwa kufunga kula kwa saa 6 hadi 8. Kwa kipimo cha viungo vya ndani ya nyonga, kama vile kizazi, kinachofanywa kupitia tumboni, kunywa maji na usikojoe mpaka upimwe.

MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Picha zake hupigwa kwa namna mbalimbali, na mbili kuu huitwa T1 na T2. Katika picha za T1 mafuta hung'aa na maji huwa meusi. Katika T2 maji ndiyo yanayong'aa, na kwa kuwa sehemu nyingi zenye ugonjwa hujaa maji, hapo ndipo kasoro nyingi hujitokeza. Sumaku hiyo kwa kawaida haizimwi hata chumba kikiwa kitupu. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kipande cha chuma jichoni au kifaa kingine kilichopandikizwa, vyote vitajwe kabla ya kuvuka mlango, bila aibu na bila haraka.

Kiasi cha mionzi huandikwa kwa milisiveti. Eksirei moja ya kifua ni takriban 0.1 au pungufu, CT ya tumbo hukaribia 8 hadi 10, ilhali binadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka katika mazingira. Mionzi si sababu ya kukataa kipimo kinachohitajika, bali ni sababu nzuri ya kuuliza kama kweli kinahitajika, na mwanamke anayedhani ana mimba aseme kwanza.

Ripoti ikitoka, isome yote, si hitimisho peke yake. "Nundu" au "uvimbe" ni maelezo ya umbo lililoonekana, wala si jina la saratani. "Hakuna kasoro iliyoonekana" huhusu kipimo hicho tu: mfupa unaweza kuwa na ufa mwembamba usioonekana kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Maneno kama "ilinganishwe na dalili za mgonjwa" humrudishia daktari aliyekutuma kazi ya uamuzi, kwa hiyo mpelekee ripoti pamoja na picha zako za zamani, kwa kuwa nundu ambayo haijabadilika kwa miaka hushughulikiwa tofauti na ile iliyojitokeza mwaka huu.