Kabureta na taa ya mbele ya pikipiki kuukuu: safisha kabla hujanunua

Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe, yaani nawatia ng'ombe mimba kwa mbegu za dume zilizogandishwa. Napita Njoro, Elburgon, Molo na vijiji vya katikati, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, mtungi wa naitrojeni wa kutunzia mbegu hizo umefungwa nyuma ya Honda CG 125 ambayo imekaa barabarani miaka mingi kuliko umri wa vijana wanaoniomba niwaonyeshe jinsi ya kuitunza. Ng'ombe aliyeonekana na joto (anataka dume) asubuhi huhimilishwa jioni, na aliyeonekana jioni huhimilishwa asubuhi inayofuata. Kwa hiyo safari zangu nyingi ni za alfajiri na za magharibi. Pikipiki ikikataa kuwaka, au taa ikizimika kwenye ukungu wa Turi, mkulima atangoja siku kama 21 hadi ng'ombe wake arudi kwenye joto, na hizo ni siku za maziwa yaliyopotea. Ndiyo sababu nazijua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini, na taa ya mbele kuliko sehemu nyingine zote za pikipiki hii.

Kila anayeniuliza namwambia kitu kimoja kwanza: usinunue chochote kabla hujasafisha. Naumia nikiona mtu wa boda ameuziwa kabureta mpya ya bei rahisi, ile yake ya asili imetupwa, na kumbe ilikuwa na chembe moja tu ya uchafu kwenye jeti, kile kipande kidogo chenye tundu la kupimia petroli. Kabureta ya asili iliyosafishwa vizuri hufanya kazi kuliko nyingi za bandia zilizotoka dukani leo.

Kabla ya kuifungua kabureta

Anza na petroli yenyewe. Chini ya bakuli la kabureta, pale petroli inapotulia, kuna skrubu ndogo ya kumwagia mafuta. Weka chupa safi ya plastiki chini yake, ilegeze, acha mafuta yatiririke kidogo, kisha inua chupa uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutulia chini yakibingirika kama shanga kila unapoinamisha chupa. Ukiyaona, mwaga petroli yote ya tangi, hata ile ya akiba. Petroli inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara ndiyo huleta maji mara nyingi, hasa msimu wa mvua.

Nusa pia. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ina harufu nzito na huacha mafuta mafuta kwenye vidole badala ya kukauka upesi. Mchezo huo ulienea hadi serikali ya Kenya mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe rahisi kiasi cha kuvutia wachanganyaji. Injini inayokunywa mchanganyiko huo hutoa moshi, hugonga ikipanda mlima, na hakuna skrubu ya kabureta inayoweza kuitibu.

Kisha fungua kifuniko cha tangi. Kama pikipiki huenda vizuri mwendo fulani halafu inakufa, na ukifungua kifuniko inawaka tena, basi kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimeziba. Zibua na uende zako. Angalia pia chujio la hewa. Vumbi la Njoro wakati wa kiangazi huliziba haraka, na injini iliyonyimwa hewa hunywa petroli nyingi bila nguvu.

Mwisho toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi makavu yanasema petroli ni nyingi au hewa ni kidogo. Nyeupe kama chokaa inasema petroli ni kidogo, na hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu injini hupata joto kupita kiasi na pistoni inaweza kuharibika.

Dalili zinakuelekeza

Ikiwaka kwa choki tu (kile kiwiko cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi) na kufa ukiirudisha choki, au ikishindwa kunguruma polepole ukiachilia mkono wa mafuta, shida iko kwenye jeti ndogo, ile ya mngurumo wa polepole. Ikinguruma vizuri chini lakini inakosa pumzi ukifungua mafuta yote, tazama jeti kubwa. Petroli ikidondoka kwenye mpira wa chini hata pikipiki ikiwa imesimama, sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, haifungi. Na kama mngurumo unapanda na kushuka wenyewe, dondoshea maji kidogo kidogo pale kabureta inapoungana na injini. Mngurumo ukibadilika, hapo panavuta hewa, na kinachotakiwa ni oringi au mpira mpya tu.

Kuifungua na kuisafisha

Fanya kazi nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara, injini ikiwa imepoa. Funga koki ya mafuta, vua mpira wa petroli, legeza kabureta na uitoe. Tandika kitambaa cheupe chini, kwa sababu jeti ndogo ikianguka kwenye nyasi umeipoteza. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu.

Fungua skrubu za bakuli kwa bisibisi inayokaa sawasawa. Hizi skrubu ni laini na bisibisi iliyolika itazichuna vichwa. Ndani utakuta boya, na mara nyingi tope la hudhurungi chini ya bakuli. Chomoa pini ya boya polepole, toa boya pamoja na sindano yake. Tazama ncha ya sindano kwenye mwanga: ikiwa na mkato unaozunguka, imelika na inahitaji kubadilishwa. Ikiwa laini, isafishe na usafishe kiti chake pia.

Sasa zile jeti, na hapa usiwe na haraka. Jeti ni ya shaba nyeupe au njano, na tundu lake limetobolewa kwa kipimo. Ukilichokoa kwa waya wa chuma unalipanua, na kuanzia siku hiyo petroli itakayopita si ile iliyokusudiwa. Mimi natumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa, baada ya kuloweka jeti kwenye petroli safi kwa saa kadhaa. Kisha naenda kwa fundi wa panchari aliye karibu, ananipulizia upepo wa kompresa kwenye jeti na kwenye kila njia ya ndani ya kabureta. Ondoa boya na mipira kabla ya kupuliza. Jeti ikiwa safi, ukiielekeza angani unaona duara kamili la mwanga. Ukiona mwezi mwandamo, rudia. Jeti ndogo ndiyo hudanganya watu, maana tundu lake ni jembamba sana na mtu huona mwanga kidogo akaridhika.

Ukirudisha boya, fanya jaribio hili kabla ya kufunga: geuza kabureta ikae kama inavyokaa kwenye pikipiki, puliza kwa mdomo kupitia mrija safi uliouchomeka kwenye njia ya petroli, upepo upite, sasa inua boya kwa kidole, upepo ukatike kabisa. Usipokatika, petroli itamwagika ukirudi barabarani. Oringi ya bakuli ikiwa imevimba kwa petroli na haikai kwenye mfereji wake, iache ikauke kivulini. Hurudi ukubwa wake.

Skrubu ya mchanganyiko

Hii ni skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta, inayorekebisha petroli na hewa injini ikinguruma polepole. Kabla ya kuitoa, izungushe kwenda ndani ukihesabu mizunguko hadi iguse kwa upole, uandike hesabu hiyo. Usiikaze, ncha yake huvunjika. Kama hujui ilikuwa wapi, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ndani.

Kuna jambo ambalo huwachanganya hata mafundi. Skrubu ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa: ukiitoa nje, mchanganyiko unapungua petroli. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: ukiitoa nje, petroli inaongezeka. Tazama upande kwanza. Pasha injini moto barabarani, kisha zungusha robo robo hadi mngurumo uwe juu na laini zaidi, halafu ushushe mngurumo kwa ile skrubu nyingine inayoinua slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mkono wa mafuta.

Sisi wa huku tuna shida ya ziada, nayo ni mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na Molo karibu 2,500. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini jeti hupitisha petroli kana kwamba bado uko chini. Pikipiki iliyonunuliwa Kondele, pale Kisumu, ikipelekwa Molo itakuwa nzito, plagi nyeusi, petroli inaisha haraka. Dawa ni kwenye sindano ya slaidi, ile ndefu inayoning'inia chini ya slaidi, si ile ya boya: kama yako ina mikato, hamisha klipu mkato mmoja juu ili sindano ishuke, petroli ipungue. Ukiirudisha pikipiki ziwani, rudisha na klipu. Iliyonyimwa petroli kwa ajili ya milima itaungua joto huku chini.

Taa ya mbele

Jua kwanza umeme wa taa unatoka wapi. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikiwaka, inatumia betri. Ikiwaka tu injini ikinguruma na kung'aa zaidi ukiongeza mafuta, inatoka kwenye koili ya injini, kama ilivyo kwenye CG nyingi za zamani. Taa ya namna hii kufifia kidogo ukisimama si ugonjwa.

Taa iliyofifia muda wote kwa kawaida ina kutu mahali fulani. Ukipoteza volti 1 kati ya 12, mwanga hupungua karibu robo nzima, kwa hiyo kiungio kimoja kibaya kinatosha kukufanya usione shimo. Mshukiwa wangu wa kwanza ni waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye fremu. Kwenye Honda ni wa kijani, kwenye Yamaha ni mweusi. Chukua kipande cha waya, gusisha upande mmoja kwenye athi ya kishikio cha balbu na mwingine kwenye bolti safi ya injini, taa ikiwa imewashwa. Mwanga ukiruka juu, umempata. Fuata waya huo hadi unapofungwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya tangi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka vaselini.

Kama athi ni nzima, zungusha usukani kulia na kushoto. Taa ikipepesa, waya umekatika ndani ya ngozi yake pale shingoni, unapokunjwa kila siku. Swichi ya fulu na dimu (mwanga wa mbali na wa karibu) nayo huota kutu ya kijani. Tenganisha betri, ifungue, isugue kwa msasa laini sana.

Balbu zikiungua mara kwa mara, usiendelee kununua. Washa injini, ongeza mafuta, pima betri kwa mita: volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa, zikipita 15 regulata, kifaa cha kudhibiti umeme wa injini, haizuii umeme. Kabla ya kuibadilisha, safisha inapofungwa kwenye fremu, kwa sababu nyingi hupata athi kupitia mwili wake. Balbu iwe ya wati 35/35 kama ilivyoandikwa kwenye ile ya zamani. Ya gari ya 60/55 itaidai koili kuliko inavyoweza kutoa, upate mwanga mwekundu hafifu na kishikio kilichoyeyuka. Kile kioo cha fedha cha ndani usikifute kwa kitambaa kikavu. Rangi yake hubanduka na hairudi.

Kumalizia, elekeza taa. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mtu akae juu yake na mzigo wako wa kawaida uwe umefungwa, maana mtungi wangu ukikaa nyuma pua ya pikipiki inainuka na dimu inawapiga wanaokuja machoni. Weka alama ukutani sawa na urefu wa katikati ya taa. Ukingo wa juu wa dimu ukae sentimita 5 hivi chini ya alama hiyo. Kaza bolti za pande zote mbili, endesha mwendo mfupi kwenye barabara mbovu, kisha urudi ukutani kupima tena, kwa sababu bolti zenye kutu hujilegeza mtikisiko wa kwanza.