Somo: Kuwahamisha Vifaranga kutoka kwenye Bruda hadi Banda la Nje katika Maeneo ya Baridi

Wafugaji wengi wa Njombe, Makete na Mufindi huhesabu wiki 4, kisha huwabeba vifaranga wote jioni na kuwafungia nje. Umri peke yake hautoshi. Kifaranga aliyeota manyoya kamili mgongoni na tumboni huweza kuustahimili usiku wenye baridi ya wastani, ilhali mwenzake wa umri uleule ambaye bado ana mabaka ya ngozi iliyo wazi huweza kufa usiku huohuo. Katika miezi ya Juni na Julai, ambapo joto la usiku mjini Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, ni busara kusubiri hadi wiki ya 6 au ya 7, hata kama chumba cha ndani kimeanza kuwabana.

Hatua ya kwanza ni kupunguza joto wakiwa bado ndani. Bruda, yaani sehemu ya ndani yenye joto la taa au mkaa ya kulelea vifaranga, huanza na nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi katika wiki ya kwanza, zikipimwa usawa wa mgongo wa kifaranga, na kila wiki hupunguzwa nyuzi 3 hivi kwa kuinua taa au kupunguza mkaa, mpaka zifike 20 au 21. Zikishafika hapo, zima joto mchana kwa siku chache, halafu zima na usiku. Wakilala wametawanyika bila kulia, mwili wao umeshajitegemea.

Hatua ya pili ni ukaguzi wa manyoya, nao usifanywe kwa kuwatazama kutoka mlangoni. Mshike kifaranga, mgeuze chali, kisha upulize taratibu manyoya ya tumboni na ya chini ya bawa. Manyoya ya utotoni yakibaki kidogo kichwani na shingoni hayana neno, kwa sababu huko ndiko yanakochelewa kubadilika. Lakini ukiona tumbo au mgongo uko wazi, mrudishe. Kagua hasa wale wadogo kuliko wenzao, maana ndio watakaokufa kwanza.

Hatua ya tatu ni banda. Ziba kuta za chini kwa mbao au matofali hadi usawa wa goti au zaidi ili upepo usiwapige wakiwa wamelala, na sehemu ya juu iwe wavu wenye pazia la magunia, ambalo usiku hushushwa na kuachiwa nafasi juu ili hewa chafu ya kinyesi itoke. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii panya kuingia. Tumia wenye matundu ya nusu inchi, na uufukie chini kidogo kwa ajili ya nguchiro na vicheche. Mwaga maranda makavu yenye kina cha sentimita 8 hadi 10, wala usizidishe vifaranga 10 kwa mita moja ya mraba. Kona zote zizungushiwe maboksi ziwe duara, kwa kuwa vifaranga wenye baridi au hofu hurundikana konani, na wa chini hukosa pumzi.

Hatua ya nne ni kuhama kwenyewe. Wahamishe asubuhi ya siku kavu, ili wapate mchana mzima wa kuyajua maji na chakula, na uwapelekee vyombo vilevile walivyovizoea. Siku hiyo usibadilishe chakula wala usiwape chanjo, kwani msongo mmoja unatosha. Saa tatu usiku ingia na tochi usikilize: mlio mkali usiokatika ni baridi, nao mnong'ono wa chini ni usingizi.

Maswali ya wanachama

Swali (Makambako): Shikamoo mwalimu. Je, niwawekee jiko la mkaa katika banda jipya?

Jibu: Marahaba. Ikiwa wanalihitaji jiko, basi muda wao wa kuhama bado. Ikikulazimu kwa usiku mmoja wa mvua, washa nje mpaka moshi uishe, lizungushie kinga, wala usifunge banda kabisa, kwa maana gesi ya mkaa huua bila harufu.

Swali (Mafinga): Naweza kuwachanganya na kuku wakubwa wanaotaga, maana banda ni moja?

Jibu: Hapana. Watadonolewa, wataambukizwa kuhara damu, na watakula chakula cha kuku wanaotaga, ambacho madini yake mengi ya chokaa huharibu figo za vifaranga. Gawa banda kwa wavu waonane tu, na uwachanganye watakapokaribia ukubwa wa wenzao.

Swali (Bagamoyo): Huku kwetu ni joto, mtaalamu. Tusubiri wiki 6 pia?

Jibu: Hamna haja. Wiki ya 4 huwa inatosha wakiwa wameota manyoya, mradi mvua na upepo wa usiku visiwafikie. Ninyi hofieni zaidi mbu, ambao hueneza ndui ya kuku. Pangeni chanjo yake ya kuchoma kwenye bawa na mtaalamu wa mifugo wa kata, ikiwezekana wiki moja au mbili kabla ya kuhama.

Swali (Makete): Tangu nihamishe, wawili wamezubaa, mabawa yameshuka, na kinyesi kina damu.

Jibu: Hiyo huenda ni kuhara damu, ambako hushamiri maranda yakilowa. Watenge hao wawili, ondoa maranda yote yaliyo chini ya vinyweshea, inua vinyweshea hivyo vifike usawa wa mgongo wao, na leo hii umwone mtaalamu akupatie dawa kama amprolium kwa kundi zima, si kwa hao wawili tu.