Kulea uduvi wa chumvi nyumbani na watoto

Jamani nyie wenye watoto wanaolilia mnyama wa kufuga na nyumba yenyewe vyumba viwili, fugeni artemia. Ni uduvi wa maji ya chumvi, mkubwa wao ni kama sentimita moja, na sisi wa Malindi tuna bahati manake wako hapo tu kwenye mabwawa ya chumvi upande wa Gongoni, waliletwa kutoka Marekani miaka ya 1980 wakazoea.

Mayai yao ni kama vumbi la kahawia, upepo unayakusanya ukingoni mwa bwawa. Usijiingilie tu, mabwawa yana wenyewe, omba. Ama uliza kwa wauza samaki wa mapambo. Unayotia ni yale ya kushika ncha ya kijiko cha chai basi.

Tafuta chupa ya lita moja yenye mdomo mpana, tia maji ya bahari uliyoyachuja kwa leso. Masika lakini mto Sabaki unashusha matope na bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, hapo chukua maji ya mfereji yalale wazi siku nzima dawa itoke, halafu koroga chumvi vijiko viwili vikubwa vya kusawazisha. Weka penye mwanga, jua lisiipige, na ufunike kwa kipande cha neti, mjusi asije akatumbukia.

Siku moja au mbili wanaanguliwa. Usiku zima taa, mpe mtoto tochi aiweke ubavuni mwa chupa akae kimya. Vidoti vya rangi ya machungwa vinakuja vyote kwenye mwanga, vinarukaruka! Wangu alishika pumzi kabisa. Wakianza wana jicho moja, wakikua wanakuwa na matatu, na wanaogelea chali miguu juu, jozi 11 inapunga tu, na hiyo hiyo miguu ndio wanayopumulia.

Sasa chakula, hapa ndipo wengi wanawaua. Siku ya kwanza usiwape kitu, wametoka na akiba yao. Baadae chukua hamira punje chache, vuruga kwenye kikombe cha maji, tia matone mawili matatu, kisha ngoja. Maji yakiwa na ukungu hakuna kulisha mpaka uone kidole chako upande wa pili. Mwanangu wa miaka sita aliwaonea huruma akamimina kijiko kizima cha hamira, asubuhi chupa inanuka na wote wako chini, weupe, manake hamira ikioza inamaliza hewa yote majini. Alilia mpaka nikalia nae. Siku hizi analisha kwa dropa ya dawa, mimi nikiwa karibu, na hamira iko juu ya kabati.

Maji yakipungua ongeza ya mfereji yaliyolala, sio ya bahari, kwa sababu yanayokauka ni maji tu, chumvi inabaki. Chora mstari kwenye chupa siku ya kwanza mtoto awe anaangalia mwenyewe.

Wiki ya tatu hivi utaulizwa, "Mama, mbona wameshikana?" Mwambie ukweli, ni dume na jike. Baadae jike anabeba kifuko cha mayai nyuma. Ukiona vumbi la kahawia linaelea lichuje kwa leso, lianike kivulini, lifunge kwenye karatasi uweke kwenye kopo kavu, na likizo ya Disemba mnaanza tena na hayo hayo.